Jogoo Aliyeuzwa Mara Tatu

Mvua ya Mudete haikosi miadi.
Saa nane kasorobo ilipiga paa la Kanisa la Marafiki
na matone yakafuata njia zake za zamani:
moja kwenye beseni la buluu,
moja kwenye sufuria ya chai,
moja shingoni mwa mgeni wa heshima
aliyejifuta kwa leso akicheka
kama mtu ambaye hundi yake ni ndogo na ameshaikunja.

Ndicho tulichojia. Mabati mia mbili na kumi,
misumari, mbao, na fundi wa Chavakali
anayetaka nusu mkononi kabla hajagusa ngazi.

Nilitoka Nakuru na bahasha ya wenzangu wa kazini,
nikakaa nyuma, karibu na mlango,
mahali pa mtu anayetaka kutoa na kuondoka.
Miaka thelathini na miwili sikukanyaga humu.
Mabenchi yamekwenda, viti ni vya plastiki.
Nje, mawe ya mlimani yapo yalivyokuwa,
kama ng'ombe waliogoma kusonga.

Kisha mnada. Maboga. Mkungu wa ndizi.
Mayai kumi na mawili ndani ya kofia ya mtu.
Na jogoo mwekundu, miguu kambani,
akitukagua kwa jicho moja
kama karani aliyeshika risiti asiyoiamini.

Aliyempakata ni mwanamke mfupi, kitambaa cheupe,
sauti ya kuita watoto ng'ambo ya mto.
"Mia tano! Nani ana sita?
Jamani, hata huu mdomo pekee ni mia mbili!"
Kanisa likaangua kicheko. Changu kikakatika katikati.
Ile "jamani" naijua.
Tulilala nayo blanketi moja, bweni la tatu,
Julai ya baridi.
Kageha.
Kageha wa Agufa, aliyeniandikia insha
nami nikamfanyia hesabu.

Mwaka ule, humuhumu, palikuwa na harambee nyingine.
Wasichana wawili, barua mbili za chuo.
Kuku wakauzwa, mahindi yakapimwa kwa gorogoro,
fedha zikamtosha mmoja.
Wazee wakatoka kunong'ona nyuma ya ukuta.
Waliporudi, walitaja jina langu.
Aliyeshika daftari alikuwa baba yangu.
Hili sijalisema Nakuru. Hata kwa mume wangu.

Nikainua mkono. "Elfu moja."
Akatazama nyuma, akaisaka sauti, asinijue.
"Elfu mbili," nikasema tena, na watu wakaguna:
nani hujipiku mwenyewe mnadani?
"Elfu tano."
Hapo akanijua. Nilimwona alivyomshusha jogoo kidogo,
kama mtoto aliyekuwa mzito ghafla.

Kwetu ukimshinda jogoo, unamrudisha auzwe tena.
Nikarudisha. Nikanunua. Nikarudisha.
Mara ya tatu alikuja mwenyewe hadi mlangoni,
akaniinamia sikioni, moshi na sabuni ya kipande:
"Adisa. Huyu ni wa mabati.
Usimlipie na yale mengine.
Yale sijayaweka sokoni."

Nilikuwa na maneno ya miaka yote hiyo.
Nikauliza kama ana watoto.
"Watano. Wa pili anafundisha hesabu,"
akasema, akanitazama mpaka nikatazama chini.
"Hesabu, fikiria."
Kisha akavuta kiti changu, nami nimekikalia,
kikakwaruza sakafu nzima:
"Umekaa chini ya tundu, na wala huoni."

Mweka hazina alitangaza: mabati mia na sabini.
Tutaanzia upande wa mimbari.
Wa mlangoni mvumilie.
Kageha akakaza kamba, akaniwekea jogoo mikononi,
moyo wake ukidunda kwenye viganja vyangu.
"Mwezi wa nane tunaezeka. Bahasha iache huko."

Timboroa, saa mbili usiku, ukungu umeketi barabarani,
jogoo akawika nyuma ya gari.
Dereva akacheka, akauliza
kama nilimpata kwa bei nzuri.
Nikamwambia bado sijamlipia.